Video ya wimbo Mwanza: droni au akili mnemba?

Msanii wa Mwanza mwenye wimbo mkononi na hela ya kubanabana leo ana njia mbili: kurusha droni, au kuiachia akili mnemba (AI) itengeneze video nzima.

Droni inakupa mji wenyewe. Alfajiri ziwa limetulia, Jiwe la Bismarck limesimama majini, na kamera inapanda taratibu kutoka kwa mcheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, mwenye jembe hadi mawe ya Capri Point. Mtu wa Igoma akiona anaruka: pale ni kwetu! Ila uwe na kibali, maana urushaji unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na betri moja kwa droni nyingi ni kama nusu saa tu. Mchana upepo wa ziwani ukianza kuvuma, shusha chombo. Ziwa lile halirudishi kitu.

Akili mnemba haitaki kibali cha kuruka wala mafuta ya boti. Unaandika maelezo, sangara anaogelea angani juu ya Kirumba. Lakini vipande hutoka vya sekunde chache chache, na sura ya msanii huweza kubadilika kutoka kimoja hadi kingine. Ukiiomba bugobogobo, usishangae kuletewa ngoma isiyo ya kabila lolote, majembe yakiyeyuka mikononi. Na bando linavyokwenda, we acha tu.

Mimi watu na ziwa ningewachukua kwa droni. Yule sangara nimwachie kompyuta.