Sprei, rangi ya mafuta au rangi ya gari: ipi inashika kwenye bunduki ya sponji?

Karibuni wadau, mlioko Mbeya, Iringa, Njombe na kote kwenye baridi yetu. Leo tunapima rangi tatu ambazo unazipata bila kuagiza Dar: sprei ya akriliki ya kopo la mililita 400, rangi ya mafuta ya brashi, ile ya milango na madirisha, na rangi ya gari aina ya NC (nitroselulosi) inayochanganywa na tina, yaani kimiminika cha kuipunguzia uzito. Tunazipaka kwenye bunduki ya kuchezea ya risasi za sponji. Hii hapa ni Strongarm ya Nerf, ngoma yake, ile sehemu inayozunguka, inabeba risasi sita. Ukikuta kama hii kwenye midoli ya mitumba Mwanjelwa, ndani mara nyingi bado ni nzima, ila ganda limechubuka na kuandikwa kalamu kila mahali. Rangi inairudishia heshima, ikipakwa inavyotakiwa.

Angalieni vipande hivi vinne. Vyote vimekatwa kwenye ganda moja bovu, kwa hiyo plastiki ni ileile. Cha kwanza kina sprei juu ya praima, ile rangi ya chini ya kushikisha, na kiliandaliwa. Cha pili kina rangi ya mafuta, cha tatu rangi ya gari. Cha nne kina sprei ileile ya cha kwanza, kopo lilelile, lakini hakikuoshwa wala kupigwa msasa. Kipimo ni cha wembe na tepu: nachora mistari sita kwenda juu na sita kukatiza, kila mstari milimita 2 kutoka mwenzake, nabandika tepu, nakandamiza kwa kucha, kisha navuta kwa haraka.

Cha kwanza: mnaona, vijisanduku vyote vimebaki. Cha nne: tepu imeondoka na karibu rangi yote, na chini plastiki inang'aa kama jana ilitoka kiwandani. Kwa hiyo mtu akisema sprei fulani haifai kwa plastiki, muulize kwanza aliosha na nini.

Rangi ya mafuta haijabanduka sana, lakini gusa hapa. Ina siku tano na bado inanata kidole, na kwenye kona imejikusanya kama asali. Rangi hii hukauka kwa kuvuta hewa polepole, na baridi inaichelewesha zaidi. Tena ni nene, inafukia maandishi na mistari yote midogo ya ganda. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa za njano na nyekundu, zimewahi kutengenezwa na madini ya risasi. Kitu kitakachoshikwa na mtoto, pengine kutiwa mdomoni, usikipake rangi ambayo kopo lake halisemi haina madini hayo. Kwangu mimi hii inatoka kwenye shindano.

Ya gari inadanganya. Inakauka kwa dakika chache, inang'aa, inashika kama imezaliwa pale. Inashika hivyo kwa sababu tina inayeyusha uso wa plastiki. Ukipuliza vumbi jepesi sana unaweza kupona. Ukipuliza ikalowa, plastiki inalainika, kingo zinakuwa mviringo, kisha zinatokea nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Elekezeni macho hapa pembeni, mwanga ukipita mnaziona. Fundi rangi mwenye kompresa na mkono mwepesi ataiweza. Kwa anayeanza nyumbani, sprei ya akriliki ndiyo ya kununua, na muda uliobaki nautumia kwenye maandalizi, maana ndiko kazi iliko.

Kwanza ujue plastiki. Ganda la bunduki nyingi za namna hii ni plastiki ngumu iitwayo ABS, na ABS inapokea rangi vizuri. Tatizo ni kwamba ndani ya bunduki moja kuna plastiki zaidi ya moja. Tazama upande wa ndani wa kila kipande, mara nyingi kumeandikwa jina la plastiki yake: ABS, PP au POM. Kama hakuna maandishi, tumia maji. Kipande kiwe hakina skrubu, na hewa isijifiche chini yake. Kikielea kwenye maji ya kawaida ni PP au jamaa yake, na hiyo rangi haiishiki bila dawa maalumu ya kushikisha. Kikizama, koroga chumvi gramu 300 kwenye lita moja ya maji. ABS itaelea kwenye maji hayo ya chumvi, POM itazama. POM ni ile inayoteleza kama ina nta, hutumika kwenye vipande vinavyosuguana. Hiyo iacheni na rangi yake ya kiwandani.

Kufungua: bisibisi ya nyota yenye ncha ndogo inayokaa sawasawa kwenye skrubu, siyo ile kubwa ya kulazimisha. Piga picha kwa simu kila unapoondoa kitu. Ganda likifunguka, liweke chini upande wenye mashine na uinue kifuniko polepole, kwa sababu springi ya kifyatulio ni ndogo na inaruka. Skrubu hazilingani urefu. Zichomeke kwenye kipande cha boksi ulichochora umbo la bunduki, kila moja mahali pake. Skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inatoboa ganda kwa nje, na hapo rangi haifichi kitu.

Osha magamba kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na mswaki wa zamani. Kiwandani plastiki hutoka kwenye umbo lake kwa msaada wa mafuta ya kuizuia isigande, na juu ya hayo kuna jasho la mikono ya miaka. Suuza, kausha, kisha futa kwa spiriti. Usitumie asetoni, usitumie petroli, usitumie tina. Asetoni inayeyusha ABS mbele ya macho yako. Petroli ni mbaya zaidi kwa sababu haionyeshi siku hiyo, nyufa zinakuja baadaye kwenye matundu ya skrubu.

Msasa ni wa maji, ule wa mafundi wa bodi. Namba 220 kwa maandishi unayotaka kuyaondoa na mshono wa kiwandani tu, 400 kwa ganda zima, 600 kumalizia. Lowesha, sugua kwa mduara bila kukandamiza. Unataka uso uwe na ukungu sawasawa, pasibaki doa linalong'aa. Doa linalong'aa ndiko rangi itakakoanzia kubanduka. Kwenye mistari midogo msasa haufiki, tumia sponji la kijani la kusugulia vyombo. Baada ya hapo osha tena, futa tena spiriti, na kuanzia hapo shika kwa glovu.

Sasa jambo linaloharibu bunduki nyingi zilizopakwa rangi, na wanaoliongelea ni wachache. Tabaka moja la sprei likikauka lina unene wa sehemu 2 au 3 za mia za milimita. Praima mbili, rangi mbili, umefika sehemu 10 za mia. Kama vipande viwili vinasuguana na vyote umevipaka, nafasi imepungua kwa sehemu 20 za mia, na kitelezi, ile sehemu ya juu unayoivuta nyuma, kilichokuwa kinateleza vizuri sasa kinakwama. Kabla ya kupaka, funga bunduki bila rangi, vuta kitelezi mara ishirini, zungusha ngoma, bonyeza kifyatulio. Kisha fungua utazame palipochubuka. Hapo pote panabandikwa tepu ya karatasi. Ongeza na mhimili wa ngoma, kingo za ndani ambako magamba mawili yanakutana, na matundu yote ya risasi. Ndani ya silinda ya hewa na pistoni hakuna rangi kabisa, hata vumbi lake. Pale pana oringi, pete ya mpira inayozuia hewa, na oringi ikipita kwenye rangi inavuja, risasi inaanguka mita mbili mbele.

Tukija kwenye kupuliza, hali ya hewa yetu ina sauti kubwa kuliko kopo. Mbeya mjini tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi plastiki ni ya baridi, hewa ya unyevu inaigusa, na sprei inageuka nyeupe kama imepumuliwa. Puliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku ya jua, kivulini pasipo upepo. Msimu wa mvua subiri mvua ikatike na ukungu uondoke; wa Tukuyu mtavumilia zaidi yetu. Mwezi wa tisa na wa kumi adui ni vumbi, mwaga maji chini kabla hujaanza. Kopo nalo likiwa la baridi linatema matone. Liweke dakika kumi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, ya kiasi unachoweza kutumbukiza mkono bila kuutoa. Jikoni kwenye mkaa, hapana. Gesi inayosukuma rangi hushika moto, kwa hiyo na kazi yenyewe ifanyike nje, mbali na jiko, na barakoa usoni.

Tikisa kopo dakika mbili baada ya kusikia gololi. Umbali sentimita 20 hadi 30. Anza kupuliza nje ya kipande, pita, achia ukiwa umeshatoka nje. Tabaka la kwanza la praima liwe kama unga, plastiki bado inaonekana. Subiri dakika 10 hadi 15, rudia. Praima ikikauka pitisha msasa wa 800 kwa mkono mwepesi, futa vumbi, ndipo rangi: matabaka mawili au matatu kwa mtindo huohuo. Na someni mgongo wa kopo. Sprei nyingi hutaka uongeze tabaka ndani ya saa moja, au usubiri saa 24. Ukiongeza katikati ya hapo, rangi ya chini inavimba na kukunjamana kama ngozi ya maziwa. Kopo moja la 400 linatosha bunduki ndogo mbili, ukiwa hupulizi hewani.

Tepu uiondoe wakati rangi imeshika lakini haijawa ngumu, ukiivuta kwa kuikunja nyuma taratibu. Ukiacha hadi kesho inang'oa ukingo.

Mapambo nitapita haraka. Rangi nyeusi ya akriliki ya wachoraji, sehemu moja kwa maji sehemu nane, tone la sabuni ya vyombo. Paka kwenye mistari, subiri dakika moja, futa juu kwa kitambaa. Kisha brashi kavu yenye fedha kidogo sana, umeifuta kwanza kwenye karatasi, ipitishe kwenye kingo. Saa 24 baadaye weka klia ya akriliki isiyong'aa, yaani rangi angavu ya kulinda, matabaka mawili mepesi.

Mdomo wa chungwa uacheni kama ulivyo. Marekani sheria inaudai kwenye bunduki za kuchezea tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na sababu yake inatuhusu hata sisi: askari au mlinzi wa usiku hana sekunde ya kukagua plastiki. Naomba sana, msipake bunduki nzima nyeusi ikafanana na ya kweli, na msimpe mtoto atembee nayo Kabwe au stendi. Bluu, kijani, njano, zambarau, kuna rangi nyingi nzuri.

Kufunga, subiri siku saba. Kwenye baridi kali nipeni kumi. Rangi inayoonekana kavu siku ya pili bado ni laini chini, na magamba mawili yakibanwa na skrubu yanagandana. Oringi ipakwe grisi ya silikoni, kiasi cha punje ya mchele. Mafuta ya mgando ya kujipaka yanatokana na petroli, baadhi ya oringi huvimba kwayo. Kaza skrubu kwa vidole viwili hadi zigome, usiongeze. Vuta kitelezi mara ishirini tena, bila risasi. Kikikwama, fungua, tafuta alama ya rangi iliyosuguliwa, ikwangue kwa wembe hadi uione plastiki. Usiilazimishe kwa nguvu, maana kinachovunjika kwanza ni kile kidude kidogo kinachoshikilia pistoni, na dukani hakiuzwi peke yake.