Wokovu hupotea au haupotei?

Hapa Kigoma mjadala huu huwaka kila msimu wa mikutano ya injili. Wabaptisti wengi hushika kwamba aliyeokoka kweli hapotei kamwe. Wapentekoste wengi, na Wakatoliki pia, hufundisha kwamba anaweza kuanguka.

Kimaandiko, upande wa kwanza unasimama juu ya Yohana 10:28: kondoo hawapokonywi mkononi mwa Kristo. Upande wa pili unashika Waebrania 6:4–6, inayoonya juu ya walioonja neema kisha wakaanguka, na onyo hilo ni zito. Wengine hujibu kwa 1 Yohana 2:19, kwamba walioondoka hawakuwa wa kwetu. Mimi jibu hilo halinitoshi, maana Waebrania inawaita washirika wa Roho Mtakatifu. Wala mabishano si mapya. Sinodi ya Dort ya 1618–1619, mkutano wa kanisa la Kiprotestanti huko Uholanzi, iliwakataa wafuasi wa mwanatheolojia Arminius, waliosema aliyeamini anaweza kuanguka.

Kwa faraja, wa kwanza unashinda wazi. Kwa kukesha, wa pili, ingawa wapo wanaookoka upya kila mkutano kwa hofu tu.

Mama anayelia usiku kwa dhambi aliyokwisha kuitubu, msomee Yohana. Mwenye nyumba ndogo anayejitangaza ameokoka, msomee Waebrania, tena leo.