Wakili wangu wa uhamiaji: leseni, bei na Jumamosi zake

Watu kadhaa wameniuliza nilimtumia wakili gani kumleta mke wangu Marekani. Jina nitampa anayelihitaji faraghani. Hapa nasema nilichokiona.

Kabla ya kulipa nilimtafuta kwenye rejista ya mawakili, nikaona mwaka aliopata leseni na kwamba hajawahi kuadhibiwa. Leseni ni ya jimbo jingine, na hilo lilinitia wasiwasi. Kumbe sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu, kwa hiyo wakili wa jimbo lolote anaweza kushika kesi hizi popote nchini. Zamani alikuwa akifanya kazi katika shirika la msaada wa kisheria, akitetea watu walioko mahabusu ya uhamiaji.

Kilichonituliza hasa ni fomu G-28, ile wakili anayosaini kuiarifu USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, kwamba ndiye anayekuwakilisha. Wapo wajaza fomu wa bei nafuu ambao jina lao hulikuti popote. Mambo yakiharibika, unabaki wewe na makaratasi yako. Huyu alisaini siku ile ile tulipokubaliana.

Tulipofika kwenye I-130, fomu ya kumwombea ndugu wa familia ahamie Marekani, alipitia kila mstari, kidole kikiwa juu ya cheti cha kuzaliwa cha mke wangu. Cheti kina majina mawili, pasipoti ina matatu. Kwangu ni kawaida, nani kwetu hana jina la babu linalokuja na kuondoka? Yeye aligoma kutuma chochote mpaka ipatikane hati ya kiapo.

Habari za hisani yake sikuzikuta zimebandikwa ukutani ofisini kwake. Niliomba miadi ya Jumamosi, akakataa: siku hiyo huwasaidia waomba hifadhi kujaza I-589, fomu ya ombi lao, bila malipo. Ombi hilo kwa kawaida lazima lifike ndani ya mwaka 1 tangu mtu aingie nchini, na mahakama ya uhamiaji haimpi mtu wakili wa serikali kama kwenye jinai. Chama cha Mawakili wa Marekani, ABA, kinamhimiza kila wakili atoe angalau saa 50 za bure kwa mwaka, lakini ni himizo tu. Alipojua nazungumza Kiswahili akaniomba nikakalimani. Nilikwenda. Mama mmoja alikwama katikati ya maelezo yake. Wakili akafunga kompyuta, akamsogezea maji, akangoja. Hakumharakisha hata kidogo.

Kasoro zipo. Ujumbe wa simu hujibu kwa kuchelewa, mara nyingi kupitia msaidizi. Na bei yake imechangamka: sikupunguziwa hata senti, ila nilikubaliwa kulipa kwa awamu. Alinieleza waziwazi kwamba wateja wenye uwezo ndio wanaozibeba Jumamosi zake. Sina kinyongo na hilo.

I-130 imekubaliwa, tunasubiri usaili wa ubalozini, na kesi bado iko mikononi mwake.