Uzoefu wangu na SFTP ya OpenSSH: kila tawi na folda yake

Kwa ofisi yenye makao Kampala na matawi Gulu, Arua na Mbarara, sijaona seva ya kupokea faili inayoipita SFTP (njia salama ya kuhamisha faili) iliyomo ndani ya OpenSSH, programu ya kuingilia seva kwa mbali. Ni ya bure, inapatikana kwenye Ubuntu Server, na inatumia mlango (port) mmoja tu wa mtandao, 22. FTP ya kawaida hudai milango mingine ya kupitishia data. Ukisahau kuifungua kwenye ruta ya Kampala, mtu wa Arua anaingia vizuri lakini orodha ya faili haimtokei.

Kazi iko kwenye ruhusa. Unda kundi moja, tuseme matawi, kisha kila tawi lipate akaunti yake ndani ya kundi hilo, na shell yake (programu ya kupokea amri) iwe /usr/sbin/nologin, ili lisiweze kuendesha amri kwenye seva. Mwishoni kabisa mwa /etc/ssh/sshd_config, faili la mipangilio ya SSH, ongeza (%u ni jina la akaunti):

Match Group matawi
ChrootDirectory /srv/matawi/%u
ForceCommand internal-sftp -u 0027
AllowTcpForwarding no
X11Forwarding no

Nasema mwishoni kwa sababu kila kitu kilicho chini ya Match kinahesabiwa kuwa cha kundi hilo mpaka Match nyingine itokee. Kabla ya kuwasha upya huduma ya SSH, endesha sudo sshd -t ikague makosa kwenye faili hilo, na dirisha la SSH ulilomo usilifunge mpaka uone la pili linaingia. Seva ikiwa kwenye rafu ya mbali, kosa la herufi moja ni safari.

Wengi hukwama kwenye mwenye folda. Folda anayofungiwa mtumiaji, yaani /srv/matawi/gulu, pamoja na zote zilizo juu yake, lazima ziwe za root (msimamizi mkuu wa seva) na asiwepo mwingine mwenye ruhusa ya kuandika: 755, si 775 inayoliruhusu na kundi kuandika. Ukimpa gulu folda hiyo iwe yake, paswadi itakubaliwa kisha muunganisho utakatika papo hapo. Yeye ataona "Broken pipe" na kulaumu mtandao. Wewe fungua /var/log/auth.log, utakuta "bad ownership or modes for chroot directory". Kwa hiyo mahali pa kuandikia patengenezwe ndani yake (hesabu ni kundi la watu wa hesabu):

mkdir /srv/matawi/gulu/ripoti
chown gulu:hesabu /srv/matawi/gulu/ripoti
chmod 2750 /srv/matawi/gulu/ripoti

Ile 2 ya mbele ndiyo inayofanya kila faili jipya liingie kundi la hesabu, na 0027 ya juu inalifanya liwe 640. Watu wa hesabu wanasoma, hawahariri. Tawi jingine halioni kitu.

Fomu za pamoja zisiwekwe kwa symlink (njia ya mkato inayoelekeza folda nyingine). Mtumiaji aliyefungiwa hawezi kuifuata nje ya ukuta wake. Tumia mount --bind, inayoonyesha folda moja mahali pengine, uiandike kwenye fstab (orodha ya vinavyounganishwa seva inapowaka), la sivyo umeme ukikatika na seva ikawaka upya, folda itakuwa tupu.

Sasa lile ambalo SFTP hii haifanyi vizuri: kumruhusu mtu kuleta faili bila kuweza kulifuta. Kwenye Linux kufuta ni ruhusa ya folda, si ya faili, kwa hiyo anayeweza kuongeza anaweza pia kufuta. Unaweza kuongeza -P remove,rmdir,posix-rename kwenye mstari wa internal-sftp, ili seva ikatae kufuta na kubadilisha jina kwa kufunika faili lililopo. Usiongeze rename (kubadilisha jina kwa kawaida). WinSCP, programu ya Windows ya kuhamisha faili, kwa kawaida yake hupakia faili linalozidi KB 100 kwa jina la muda lenye .filepart, kisha hulibadilisha likifika lote. Ukizuia rename, folda itajaa .filepart na kila mmoja ataapa kuwa ametuma. Kulizima jina hilo la muda upande wa WinSCP nako ni hasara, maana ndilo linalowezesha kuendelea pale mtandao ulipokatikia. Hata hivyo kizuizi hiki hakimzuii mtu kuandika juu ya faili lake la jana. Dawa niliyoiridhia ni cron (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ya root inayohamisha ripoti kila usiku kwenda folda iliyo nje ya /srv/matawi.

Usishangae pia ukiona namba kama 1004 badala ya majina kwenye orodha ya faili: /etc/passwd, faili lenye majina ya akaunti, iko nje ya ukuta. Si hitilafu, na hakuna cha kurekebisha.