Debian 13 dukani kwangu: skani ilikwama ukurasa wa 18

Nina steshenari ndogo yenye kompyuta nne, na zote zinatumia Debian, mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux, tangu toleo la 12 lilipotoka Juni 2023. Wateja wanaojua kompyuta hunicheka: LibreOffice yangu, programu ya kuandikia barua na hati, huwa ya toleo la zamani kuliko ya jirani. Sawa, nakubali. Mimi nilichotafuta ni kufungua duka asubuhi na kukuta printa inaitika.

Raha hiyo naipata kwa sababu timu ya matoleo ya Debian ni wagumu kweli. Kifurushi kipya cha programu huanzia sid, tawi la mwanzo kabisa, kwenye vurugu zote. Kikikaa huko siku chache, mara nyingi mbili, tano au kumi, bila kuzua hitilafu kubwa mpya, ndipo kinavushwa kwenda testing, tawi linaloandaliwa kuwa toleo lijalo. Baadaye mlango wa kuingiza mambo mapya unaanza kubanwa. Kwa toleo la 13, trixie, walianza kubana Machi 2025, wakakaza Aprili, wakakaza tena Mei, na kufikia mwisho wa Julai hakikupita kitu bila wao kukikagua. Agosti 9 likatoka. Karibu miezi mitano ya kukataa mambo mapya!

Faida yake niliiona Machi 2024, ule mlango wa siri wa wadukuzi ulipokutwa ndani ya xz 5.6.0 na 5.6.1, programu ya kubana mafaili. Mtaalamu wa programu Andres Freund aliushtukia baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde. Ulikuwa umeshafika sid na testing, lakini toleo thabiti, ninalotumia mimi, halikuguswa. Mimi nikaendelea kutoa fotokopi.

Si kwamba hawatelezi. Desemba 2023 sasisho la 12.3 lilizuiwa dakika za mwisho, maana kerneli yake (kiini cha mfumo), 6.1.64, ingeweza kuharibu data kwenye diski za mfumo wa mafaili wa ext4. Wakatoa 12.4 badala yake.

Kuhama kwenyewe hakukunisumbua. Nilisubiri bando la usiku, nikabadilisha neno bookworm (jina la toleo la 12) kuwa trixie kwenye orodha ya vyanzo vya programu, nikapiga amri za apt update, apt upgrade kisha apt full-upgrade, nikalala. Balaa lilikuja siku ya tatu. Mama mmoja kaleta hati za kiwanja, kurasa 30, anazitaka kwa rangi na ubora wa juu. Ukurasa wa 18 mashine ikagoma: nafasi imejaa. Imejaaje, na diski ina zaidi ya GB 300 tupu? Nikapiga df -h, amri ya kuonyesha nafasi, na pale kwenye /tmp, folda ya mafaili ya muda, nikaona GB 1.9, asilimia 100.

Kumbe kwenye 13, /tmp inakaa kwenye RAM, si kwenye diski, na inaruhusiwa nusu ya RAM hiyo tu. Mashine ile ina RAM ya GB 4, na skripti yangu ya skana hutupia kila ukurasa huko, kama MB 100 mmoja. Jambo hili limeandikwa waziwazi kwenye maelezo ya toleo, ambayo sikuyafungua. Nikapiga systemctl mask tmp.mount ili /tmp irudi kwenye diski, nikawasha mashine upya, mama akaondoka na hati zake baada ya kunisubiri na soda mkononi.

Mashine ya nne ni ya biti 32, na toleo la 13 halina tena kisakinishi wala kerneli ya aina hiyo. Nimeiacha kwenye 12, pale kona, inachapa barua za kuomba kazi.