Uzi wa ovaloki wa kuvutika kwenye soksi za kufuma: uzoefu wangu wa miezi minne

Nianze na mama maana bila yeye nisingehangaika na huu uzi. Mama yuko Makete, mi niko Tabata, na kila mwaka kabla ya Juni namfumia soksi, kwa sababu kule Juni na Julai kuna asubuhi unaamka unakuta nyasi zimeganda nyeupe, mtu wa Dar anayelala na feni ukimwambia haelewi. Sasa mwaka jana nikamtumia pea mbili, haikufika hata miezi miwili kondakta ananipigia njoo stendi ya Magufuli uchukue mzigo, nafungua kiroba cha viazi, juu kabisa zipo zile soksi, zimefuliwa, zimekunjwa vizuri, na kila kisigino kina tobo la kupitisha sarafu ya mia mbili. Nampigia anacheka tu. "Mwanangu, soksi zako zina joto ila zina haraka ya kufa."

Iliniuma jamani. Pea moja ni wiki mbili za jioni zangu.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, nakiri. Nilitumia uzi wa sweta wa kawaida wa madukani, ule wa akriliki, na sindano namba 3.5, yaani unene wa milimita 3.5, soksi ikatoka laini kama ya mtoto mchanga, lakini vitanzi vimeachana hadi ukiinyoosha mwangani unaona upande wa pili. Soksi iliyolegea hivyo haiwezi kuishi, mguu unacheza ndani, kila hatua uzi unasuguliwa juu na chini. Na mama anavaa soksi na yeboyebo, tena kwenye sakafu ya sementi isiyopigwa nili. Halafu pea ya pili aliota nayo moto karibu na mafiga, mbele kwenye vidole pakawa pagumu kama plastiki, maana akriliki ikipata joto haiungui ikawa jivu, inayeyuka.

Kwa hiyo mwaka huu nikabadilisha mambo mawili kabla hata ya kufika kwenye uzi ninaouongelea. Moja, nilienda Karume kwenye mitumba nikatafuta sweta la sufu la uzi mwembamba nikalifumua. Soma kile kitambulisho cha ndani, mi nilipata limeandikwa sufu asilimia 80 na nailoni 20, na soksi za kufuma zinazodumu huko nje nyingi uzi wake ni sufu 75 nailoni 25, kwa hiyo hapo nilishajiona tajiri. Kama kitambulisho kimekatwa chomoa kipande cha uzi ukichome, sufu inanuka nywele zilizoungua na inabaki jivu la kusagika, akriliki inabaki kidonge kigumu. Angalia na mshono wa ubavuni, kama umekatwa na ovaloki, ile mashine inayokata na kuzungushia kingo za nguo, achana nalo, utafumua utapata vipande vipande vya kuunga mpaka uchoke.

Mbili, sindano. Namba ndogo zenye ncha pande zote mbili nilizunguka nazo sana, mwisho nikaenda kwa fundi baiskeli hapa mtaani akanikatia spoku tano, nikazisugua ncha kwenye jiwe na msasa. Spoku ni kama milimita 2, ndo saizi yenyewe ya soksi. Vidole vinauma siku za mwanzo, sikudanganyi.

Haya, uzi sasa. Kila mtu anayefuma atakwambia kisigino na vidole ongezea uzi wa pili wa kuimarisha, ila hakuna anayekwambia uzi gani na uupate wapi. Mi nilijaribu kwanza uzi wa cherehani wa kawaida. Ni mwembamba halafu mgumu, unakaa kama waya katikati ya sufu laini, kwenye kisigino cha majaribio nilichovaa mwenyewe nyumbani nilikuta sufu imelika imeisha, kamebaki kauzi peke yake kamejichora kama wavu. Nikajaribu uzi wa mafundi viatu, ule nao sahau kabisa, ni kama unakanyaga mshipi wa kuvulia samaki.

Ndo nikashuka Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya mafundi, nikamweleza kaka mmoja shida yangu, akaniangalia kama nimechanganyikiwa (soksi za sufu, Dar, mwezi wa tatu, joto lile), akaingia ndani akatoka na koni ya uzi wa nailoni wa kuvutika, ule wenye manyoyamanyoya ambao mafundi wanaweka kwenye ovaloki kushonea jezi na nguo za ndani. "Huu dada haukati kitambaa, unavutika nacho." Shilingi 4,000, na hauzi nusu, unachukua koni nzima. Nimeshafuma pea tatu na koni hata haijaonyesha kupungua.

Kisigino cha kwanza niliharibu. Huu uzi ukiuvuta wakati unafuma unanyooka, ukiuachia unarudi, basi kisigino chote kikajikunja kama mdomo wa mfuko wa kamba. Nikafumua. Siri ni kuuacha ulegee, nauzungushia kwenye kipande cha boksi nauweka mapajani, unafuata sufu wenyewe bila mimi kuukaza kidoleni. Na hauanzii pale kisigino kinapoanza, anza kama sentimita mbili kabla, maana ukianzia palepale pale mpakani ndo panakatika.

Halafu kisigino chenyewe sikifumi wazi tena. Upande wa nje nahamisha kitanzi kimoja bila kukifuma, nafuma kinachofuata, nahamisha, nafuma, mpaka mwisho wa mstari, nikirudi upande wa ndani nafuma vyote kasoro kile cha kwanza. Kwa nyuma ya vile vitanzi vilivyohamishwa uzi unapita umelala, kwa hiyo kisigino kinakuwa kama kina tabaka mbili. Ukiweka na uzi wa nailoni humo ndani, ukikibonyeza na kidole gumba unasikia kabisa hiki ni kitu kingine, kinene, halafu kinarudi.

Ninachokilalamikia. Rangi, dukani nilikuta nyeupe, nyeusi na bluu ya jezi basi, sweta langu lilikuwa kijivu nikaweka nyeupe, kisigino kikatoka kama kimeota mvi. Pili, unateleza, ukidondosha kitanzi kwenye taa hafifu umeme umekatika utalia, ncha ya sindano inashika sufu inauacha huu nyuma. Tatu, unakamata kila kitu, kucha, pete, mbao ya kiti. Na usije ukapitisha pasi ya moto hapo, ni nailoni hiyo.

Mama naye nikampa masharti yake. Maji ya vuguvugu kidogo tu, maana yeye kwa baridi ile alikuwa anachemsha kabisa halafu anasugua na brashi, sufu ikipata maji ya moto na kusuguliwa inajikamata inakuwa ngumu na kusinyaa. Asikamue kwa kusokota, abonyeze, aanike kivulini. Asivae pea moja siku tatu mfululizo. Na magaga, hapa tuliongea kwa upole maana ni mama, ila kisigino kilichopasuka ni msasa, kinashika uzi mmoja mmoja, kwa hiyo usiku apake mafuta ya mgando kwanza. Akaniuliza, "Kwa hiyo soksi ndo zinaninyoosha mimi siku hizi?"

Zilisafiri mwezi wa nne. Juzi kaja binti wa mjomba, na soksi ndani ya mkoba wake kwa amri yangu, nikazikagua mlangoni hajakaa hata kwenye kiti. Visigino vizima! Kale kamanyoya kamelala, panang'aa kidogo, lakini ukivuta hapapitishi mwanga. Nimeupa nyota nne kati ya tano.

Ila nimegeuza chini nikakuta pale nyuma ya dole gumba, mguu wa kulia, pameanza kuwa pembamba, maana ule upande sikuweka nailoni, niliishia kisiginoni nikarudia kwenye vidole, katikati nikaacha sufu tupu. Bado halijawa tobo. Nimechukua sindano ya mkono na sufu iliyobaki pamoja na ule ule uzi wa koni, napitisha juu ya kila kitanzi kwa kufuata njia yake, vitanzi kama arobaini hivi, nimeshafika nusu. Binti anarudi Jumapili.