Uzoefu wangu: kozi ya mashua ya tanga ziwani, na ile sehemu ya upepo wa nyuma

Juzi nimemaliza kozi ya wanaoanza, siku tano za asubuhi, ziwani, na nimeona niandike mapema kabla sijasahau, maana wakati natafuta kozi kila niliyemuuliza alikuwa ananielezea kubisha tu, yaani kupanda kinyume na upepo kwa kwenda zigizaga, halafu ikifika kwenye kurudi wanasema "ah kurudi rahisi, upepo unakusukuma". Jamani, sio rahisi. Mimi kilichonitesa ni hikohiko kurudi.

Mashua tuliyotumia ni Laser, ya mtu mmoja, ina kama mita 4.2 hivi na tanga moja. Uzuri wake mashua ni ileile ila inavalishwa matanga ya saizi tatu, mimi nikapewa lile dogo la mita za mraba 4.7, na hapo nawasifu kabisa kwa sababu ningepewa lile kubwa la 7 na ushee kwa upepo wa siku ile ningekata tamaa siku ya kwanza. Jaketi la kuokolea lilinikaa vizuri. Mwalimu yupo pembeni na boti ya injini muda wote, haondoki.

Siku tatu za kwanza sina lalamiko. Kana, yaani ule mkono wa usukani, nikauzoea, demani, yaani ile kamba ya kuvuta na kuachia tanga, nikajua lini naivuta na lini naiachia, kubisha nikaanza kupata.

Siku ya nne ndo tukaenda na upepo wa tezi, yaani upepo wa nyuma. Kitu cha kwanza unachokiona ni utulivu. Wakati unapanda unapigwa na upepo usoni, maji yanaruka, unafanya kazi, ukigeuza tu upepo ukawa nyuma yako kila kitu kinanyamaza, jua linachoma, unahisi kama upepo umekata. Haujakata. Mwalimu alivyonielezea nikaelewa palepale: upepo ukiwa unaenda kilomita 18 kwa saa na mashua inaenda 8 upande huohuo, mwilini unahisi 10 tu, ila siku ukigeuza ghafla kurudi juu, yaani kule upepo unakotoka, unaukuta wote na zaidi. Kwa hiyo ukiwa na upepo wa nyuma usipime kwa ngozi, geuka uangalie maji. Upepo mkali ukija unaonekana kama baka jeusi linatembea juu ya ziwa, na kwa sababu linatokea mgongoni kwako hutaliona usipogeuza shingo. Na ziwani upepo hautulii kama watu wanavyodhani, ukikaribia miti au kilima unajikunja, unakata, unarudi kwa pembe nyingine.

Sasa lalamiko langu. Tuliambiwa ukienda na upepo pandisha lile bao la kati linaloshuka majini ili mashua iwe nyepesi, sawa, ni kweli kabisa, lakini hakuna aliyesema lipande kiasi gani. Mimi nikalivuta karibu lote. Tanga nimelifungua limetoka nje kabisa, naenda vizuri, nimefurahi, mara nikahisi demani imelegea mkononi, kama kuna mtu ameachia upande wa pili, na bumu, ule mti wa chini wa tanga, ukaanza kuinuka wenyewe. Nikawa naangalia tu. Ile ndo dalili kwamba upepo umeshaingia nyuma ya tanga kwa upande usiotakiwa, na hapo unatakiwa usukume kana kidogo urudi juu haraka, mi sikujua. Bumu likaja kwa kasi, nikainama, likapita juu ya kichwa, halafu ile kamba inayolibana lisipande juu ikagonga kichwa cha bao nililolipandisha, ikakwama katikati, na mashua ikalala ubavu. Nikawa majini.

Kuinua mashua nilishafundishwa siku ya pili, unazunguka chini unaning'inia kwenye bao inasimama. Ila bao lenyewe halikuwepo chini, limepanda juu! Ikabidi nirudi ndani nilisukume litokee upande wa pili, nizunguke tena kwa kuogelea, ndo nikapata pa kushika. Nilichoka sana. Mwalimu alikuja karibu akawa ananiongelesha kwa upole, "taratibu dada, lisukume lote, sasa zunguka", hakunishikia, na nashukuru hakunishikia. Lakini onyo moja la sentensi moja asubuhi lingetosha: bao lipande nusu, na kabla ya kuhamisha tanga hakikisha bumu linapita juu yake bila kugusa. Pia kofia ngumu zilikuwepo stoo, hatukupewa mpaka nilipouliza baada ya kuanguka. Hilo sikulipenda kabisa.

Siku ya tano nikaomba turudie hiyohiyo na mwalimu akakubali, hapo ndo walinirudisha moyo. Alinifundisha kwanza nisielekeze mashua moja kwa moja na upepo, niende mshazari kidogo upepo ukinijia kwenye bega la nyuma, unatembea zaidi lakini bumu halikushtukizi. Ikianza kuyumba kulia kushoto, vuta demani kidogo, inatulia. Na kuhamisha tanga kwa makusudi, wenyewe wanaita jaibu: unaangalia nyuma, unaangalia chini ya tanga kama kuna mtu, unavuta kana kuja kwako polepole, ukiona tanga linataka kuja unaipa demani mvuto mmoja mfupi wa haraka, unainama unahamia upande wa pili, kana inarudi katikati hapohapo. Ule mvuto mfupi ndo siri yenyewe, kwa sababu kwenye hizi mashua demani inapenda kunasa kwenye kona ya nyuma wakati bumu linavuka, na ikinasa tanga haliachiki na unalala tena. Mara ya kwanza ikanasa kweli. Ya pili pia. Ya tatu nilivuta, kamba ikaruka juu ya kona, tanga likafunguka upande wa pili kwa sauti moja nzito hivi, na mashua ikaendelea kama hakuna kilichotokea. Nikapiga kelele za furaha peke yangu katikati ya ziwa.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya bao na kofia, nimewaambia wenyewe uso kwa uso na wamesema watabadilisha. Kama unaenda kujifunza, popote pale, waulize kabla hujalipa ni saa ngapi zimetengwa za kwenda na upepo, wakikujibu kwamba hiyo itakuja yenyewe tafuta kwingine. Mimi nimeshaweka asubuhi mbili nyingine, na nimeomba jaibu tupu.